Tshala na Namba za Juu ya Mawingu

Watu wengi wa Kamina wanaijua sauti ya Tshala kabla ya kumjua mwenyewe. Chumba chake cha kazi kiko pembeni ya uwanja mdogo wa ndege, na asubuhi, dirisha likiwa wazi, sauti hiyo inafika hadi njiani wanakopita watu wa baiskeli na magunia yao ya makaa. "Kabongo, Kabongo, huku Kamina. Munanisikia?" Ni sauti nzito kidogo, isiyo na haraka, na hata siku ya shida haipandi.

Tshala ni mtu wa fonie. Fonie ni ile redio ya masafa marefu inayounganisha misheni, hospitali na viwanja vidogo vya ndege huku kwetu, mahali ambapo simu inashika ukipanda juu ya kichuguu na inapotea ukishuka. Kwa miaka kumi na saba amekuwa akiongea na ndege moja tu: ndege ndogo ya viti sita na injini moja, inayobeba wagonjwa, dawa na walimu kwenda vijijini na kurudi. Rubani wake ni Abner Banza, Muluba mwembamba mwenye mvi, ambaye kila mtu anamwita Commandant.

Kazi ya kusikiliza kitu kinachosafiri, Tshala aliikuta nyumbani. Baba yake, Papa Lumbala, mtu wa Bukama, alishika simu ya reli katika stesheni ya Kamina miaka thelathini na minne. Stesheni ya kule inapiga: treni imetoka hapa saa nne na dakika kumi. Papa Lumbala anaandika, anaangalia saa ya ukutani, anasubiri. Katikati ya stesheni mbili treni ilikuwa imepotea machoni pa watu wote. Hakuna aliyejua iko kilomita gani mpaka itokeze yenyewe kwenye kona. Mara nyingine ilitokeza baada ya saa moja, mara nyingine kesho yake. Watoto wa nyumba zile za matofali za reli walikua wakiona wazazi wao wanasubiri hivyo, nao waliona ni kawaida ya dunia.

Ndiyo maana kulikuwa na jambo moja ambalo Tshala hakulizoea. Kila Commandant Abner alipopiga kutoka angani, hakusema "niko karibu na Kabongo" au "nimepita mto." Alisema: "Niko kilomita sitini na mbili, nukta ine." Tshala aliandika katika daftari lake, lakini ile nukta nne ilimkera. Nani alikuwa huko porini na kamba ya kumpimia?

Siku moja alimuuliza. Commandant alicheka, akatoa mfukoni kitu cha kijivu, kikubwa kama kipande cha sabuni ya kufulia, chenye kioo kidogo.

"Ni hii, maman. GPS. Inasikia masetilaiti, halafu inaniambia fasi niko, pahali yenyewe."

"Na bipimo bingine, bile bya mbele ya kiti yako?"

"Bile njo bya kazi. Hii ni ya akiba. Siku ile bile bitachoka, hii itanishika mukono."

Tshala aliitikia kwa kichwa, kama mtu anavyomwitikia mgeni anayesimulia mambo ya kwao. Miaka yote hiyo hakuwa amepanda ndege hata mara moja. Hakuogopa, ila kazi yake ilikuwa chini, na nafasi katika ndege ilikuwa ya wagonjwa.

Mwezi wa tatu mwaka jana, radi iliunguza fonie ya Kabongo. Siku tisa Kabongo ilikuwa kimya. Ilipopatikana mashine nyingine, Commandant alisema hakuna anayejua kufunga waya zake na kufundisha watu kuitumia kuliko Tshala. Basi Tshala alimwachia chumba chake Jean-Baptiste, mwenzake wa zamu, akavaa viatu vya kanisani, akakaa kiti cha mbele cha kulia ndani ya ndege, na mashine ya fonie ikafungwa nyuma yake kwa mikanda.

Anasema kwamba ndege ilipoacha ardhi, kitu cha kwanza alichokiona ni paa la nyumba ya baba yake. Aliliona lote, na mawe yaliyowekwa juu ili upepo usibebe mabati, na papai lililokauka juu ya bati ambalo hakuna mtu aliyejua lipo pale. Halafu mji wote ukawa mdogo. Reli zikatoka stesheni kama nyuzi tatu zilizofunguliwa kutoka fundo moja, na uzi mmoja ukaelekea kaskazini pamoja nao, kuelekea Kabongo. Vichuguu vilikuwa maelfu, vimetawanyika kwenye majani kama maharagwe yaliyomwagwa. Mbele kidogo waliona treni imesimama porini. Watu walikuwa juu ya mabehewa, wengine wamewasha moto pembeni wanapika.

"Ile ilitoka Kamina juzi," alisema Commandant, sauti yake ikipitia vifaa vya kusikilizia walivyovaa masikioni.

Tshala aliitazama mpaka ikapita chini ya bawa. Juzi! Na wao walikuwa wametoka dakika ishirini na tano zilizopita. Alijua kwamba wakati ule kuna mtu stesheni ameshika simu, anaangalia saa, anasubiri. Alitamani angeweza kumpigia amwambie: nimeiona, iko hapa, watu wake ni wazima, wanakula.

Kabongo kazi ilikwenda vizuri. Kabla ya saa sita waya ulikuwa juu ya miti miwili na Kamina inasikika. Commandant alikuwa amepanga waondoke saa nane. Lakini saa saba akaja muuguzi anayeitwa Ruffin, anakimbia, koti jeupe limefunguka vifungo.

Kulikuwa na mama mmoja, Francine, mimba yake ya kwanza, uchungu umemshika tangu jana asubuhi na mtoto amelala kwa ubavu. Daktari wa kupasua alikuwa safarini. Kwa barabara ya mvua, kufika Kamina ni siku mbili, kama gari halitakwama kwenye tope.

"Commandant, miye siwezi kukudanganya," alisema Ruffin. "Akilala huku, kesho hatutakuwa na mama, na hatutakuwa na mutoto."

Commandant alitoka nje akaangalia mbingu upande wa kusini. Kulikuwa na mawingu, lakini yamegawanyika, na kati yao bluu inaonekana. Alimwambia Tshala aiulize Kamina. Jean-Baptiste akajibu kwamba mvua kubwa imepita mjini, sasa kuna manyunyu tu. Commandant aliuliza mara ya pili, akasikiliza. Kisha akasema, "Mumulete."

Wakamlaza Francine nyuma, juu ya godoro, Ruffin akakaa sakafuni pembeni yake. Tshala alirudi kiti chake cha mbele. Waliruka saa nane kasoro dakika kumi, na ziwa Boya likabaki nyuma yao linang'aa.

Robo saa ya kwanza ilikuwa nzuri. Halafu zile nafasi za bluu zikaanza kujifunga, moja baada ya nyingine, kama mtu anayefunga milango ya nyumba kubwa. Commandant alijaribu kulia, akajaribu kushoto. Akageuza shingo kuangalia walikotoka, na huko pia palikuwa pamefungwa. Akasema kwa utulivu, "Maman, sasa tunaingia. Usiogope. Bintu bya mbele yangu njo macho yetu."

Dunia ikapotea. Kila dirisha likawa jeupe, kisha la kijivu. Mvua ilipiga kioo. Tshala aliangalia chini kutafuta miguu yake, kwa sababu nje hapakuwa na kitu cha kushika kwa macho, hata ncha ya bawa ilikuwa inatoweka na kurudi.

Ndipo ikatokea. Haikupiga kelele. Katikati ya vipimo vya mbele ya rubani kulikuwa na kimoja chenye nusu ya bluu na nusu ya udongo, kinachoonyesha kama ndege imelala sawa. Kile kikaanza kuinama polepole, kama mzee anayesinzia kanisani. Pembeni yake, kipimo cha mwelekeo nacho kikaanza kuzunguka kivyake. Commandant aligonga kioo kwa kidole. Akaangalia kipimo kidogo kilichokuwa pembeni, sindano yake imelala kwenye sifuri.

"Pompe imekufa," alisema.

Ndani ya vile vipimo viwili kuna magurudumu madogo yanayozungushwa kwa hewa ya pampu. Pampu ikifa, magurudumu yanachoka, na vipimo vinaanza kusema uongo. Hatari yake si kwamba vimekufa. Hatari ni kwamba vinaendelea kuongea. Rubani asiyeona nje akivifuata, anaipindua ndege mwenyewe huku akidhani anainyoosha.

"Maman Tshala, daftari yako. Pasua karatasi mbili. Funika kile, na kile."

Alipasua. Alibandika karatasi moja juu ya kipimo cha bluu na udongo, nyingine juu ya kile cha mwelekeo, akitumia plasta aliyoitoa Ruffin kwenye mfuko wa dawa. Vilibaki vipimo vya mwinuko, vya kasi, na kimoja kidogo cha umeme kinachoonyesha kama ndege inageuka. Dira ya sumaku ilikuwa inacheza ndani ya maji yake kwa dhoruba, haisomeki.

"Sasa ile GPS," alisema Commandant, na akanyoosha mkono kwenye kioo ilipokuwa imebandikwa.

Haikuwepo. Dhoruba ilikuwa imeibandua.

Tshala alifungua mkanda, akainama, akapapasa sakafuni. Akaipata chini ya kiti, mfuniko wake wa nyuma umefunguka, betri moja haipo. Kioo kilikuwa cheusi. Nyuma yake Francine alilia kilio kirefu, na Ruffin alikuwa anamwambia kitu kwa Kiluba, pole pole, kama anamwimbia. Tshala alipapasa tena. Kidole chake kikagusa kitu cha duara, kikabiringika, akakifuata mpaka kwenye mguu wa kiti cha Commandant. Betri. Akairudisha, akafunga mfuniko, akabonyeza.

Kioo kikawaka. Kukatokea duara, na ndani yake maneno kwamba inatafuta masetilaiti. Nguzo ndogo za kuonyesha sauti ya kila setilaiti zote zilikuwa tupu.

"Iweke juu, karibu na kioo," alisema Commandant. Macho yake hayakuacha vile vipimo vitatu. Jasho lilikuwa linamshuka nyuma ya sikio. "Yiache isikie mbingu."

Tshala aliinua mikono yote miwili, akaishikilia pale kama mama anayemwinua mtoto aone jambo. Mwili wake ulimwambia wanageuka kushoto. Alikuwa na hakika kabisa. Bega lake la kushoto lilikuwa zito, masikio yake yalimwambia, tumbo lilimwambia. Alikaribia kupiga kelele: tunaanguka kushoto!

Nguzo ya kwanza ikajaa. Kisha muda mrefu bila kitu. Ya pili. Ya tatu ikaja ikaondoka, ikarudi. Ya nne.

Na kioo kikabadilika. Zikatokea namba.

"Soma," alisema Commandant. "Iko namba mbili. Ya juu ni njia ya Kamina. Ya chini ni njia ile tuko tunafuata."

Tshala alisoma kwa sauti yake ya kila siku, ile isiyo na haraka. "Juu, mia moja makumi kenda na kenda. Chini, mia mbili makumi tatu na moja."

"Tuko tunaenda ku Kasai, ku magaribi," alisema Commandant, na akaanza kugeuza kushoto, taratibu sana. "Soma ya chini. Usiache."

"Mia mbili makumi mbili na nane. Mia mbili makumi mbili na ine. Mia mbili kumi na kenda."

Hapo ndipo Tshala alipoelewa kitu ambacho, anasema, hatakisahau mpaka azikwe. Kumbe muda wote mwili wake ukimwambia wanageukia kushoto, walikuwa wanageukia kulia. Sasa walikuwa wanageukia kushoto kweli, naye hakusikia chochote. Mwili aliouamini miaka arobaini na mbili, uliomwambia njaa, homa, mvua inayokuja, mwili huo haukujua kitu mule ndani ya mawingu. Na kile kipande cha sabuni mkononi mwake kilijua. Kilikuwa kinasikia kitu kilicho juu ya mvua, juu ya mawingu, juu ya mahali ambapo ndege yoyote inaweza kufika, na kitu hicho kilikuwa kinasema, bila kukasirika na bila kuchoka: mko hapa. Mko hapa. Mko hapa.

"Mia mbili na tano. Mia mbili na moja. Mia moja makumi kenda na kenda." Aliangalia mara ya pili. "Commandant, zinafanana. Ya juu na ya chini, zinafanana."

"Njo bile. Zikae bile. Na kilomita?"

"Makumi saba na ine, nukta mbili."

Alijisikia akisema ile nukta mbili, na macho yake yakajaa machozi. Hayakuwa ya woga.

Dakika ishirini walikwenda hivyo. Tshala akisoma, Commandant akisahihisha kwa vidole viwili tu. Namba ya chini ilipoondoka hatua mbili, aliirudisha. Ilipoondoka hatua tatu, aliirudisha. Kilomita zilipungua. Sitini. Hamsini na moja. Arobaini. Ruffin alikuwa anauliza kutoka nyuma bado kiasi gani, na Tshala alimjibu kwa nukta, na kila mara Ruffin alimtafsiria Francine kwa Kiluba, hata Francine mwenyewe akaanza kuuliza: ngapi sasa? Zile namba zikawa kamba ambayo wote wanne wameishika.

Kwenye kilomita thelathini sauti ya Jean-Baptiste ilifika, imepasuka pasuka. Mvua Kamina imekwisha, mawingu yako juu kidogo tu ya antena. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Tshala aliisikia ile sauti ya chini kama anavyoisikia mtu wa juu. Alijua Jean-Baptiste amekaa kwenye kiti chake, anaangalia saa yake ya ukutani. Alibonyeza kitufe.

"Kamina, hapa Tshala. Tuko kilomita makumi mbili na kenda, nukta sita. Upigie hospitali. Batume gari ku piste ya ndege, bamungoje maman moja wa kupasua."

Redio ikakwaruza. Kisha: "Tshala? Ni weye? Unajua je nukta—"

"Andika tu, Jean-Baptiste. Nukta sita."

Commandant alieleza jinsi watakavyoshuka. Kaskazini ya Kamina nchi ni tambarare, hakuna mlima. Milima iko mashariki, upande wa Upemba. Kama namba zinasema kweli kwamba wako juu ya tambarare, wanaweza kushuka mpaka mwinuko fulani, si chini ya hapo. Wakifika huko bila kuona ardhi, watapanda tena na kufikiri upya. Akapunguza nguvu ya injini. Kijivu kikabaki kijivu. Tshala alisoma: kilomita nane. Saba. Sita na nukta tano.

Chini ya miguu yake kukapita kitu cheusi, kikapotea. Kikaja kingine: mti. Halafu mawingu yakapasuka kama nguo iliyooza, na pale chini, karibu ya kuogopesha, kulikuwa na reli. Reli yenyewe, inang'aa kwa mvua, ikielekea walikokuwa wanaelekea. Mbele yake paa, na mabehewa mabovu ya stesheni, na mbele ya hayo yote, katikati ya kioo kama mtu amekuja na kuuweka pale kwa mkono, uwanja wa ndege wa Kamina.

Magurudumu yaligusa udongo, maji mekundu yakaruka pande zote mbili.

Gari la hospitali lilikuwa linasubiri. Saa kumi kasoro robo Francine alikuwa mezani, na kabla ya saa kumi na moja mtoto wa kike alitolewa, amechoka lakini analia. Ruffin alirudi uwanjani kwa pikipiki kuja kuwaambia. Alimkuta Commandant amefungua pua ya ndege, na Tshala amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, bado ameshika ile GPS. Hakuna aliyekuwa amefikiria kuichukua kutoka mikononi mwake.

Commandant alimwonyesha pampu. Ilikuwa kitu kidogo, cheusi, cha kutosha kwenye kiganja. Kijiti chake cha katikati kilikuwa kimekatika.

"Hakuna mwenye alikosa," alisema. "Inazunguka mamia ya masaa, siku moja inakatika. Njo maana ya akiba."

"Commandant," alisema Tshala. "Mbingu kule, nani eko anatuangalia?"

"Hakuna mwenye eko anatuangalia, maman. Njo kile kinashangaza." Akajifuta mikono, akachuchumaa mbele yake. "Kuko masetilaiti makumi mbili na zaidi, inazunguka dunia, mbali kabisa, kilomita elfu makumi mbili. Kila moja iko na saa. Saa ya ajabu, haikosi. Kazi yao ni moja tu: kusema ni saa ngapi, na iko wapi. Sauti ile inashuka, inafika hapa imechelewa kidogo. Ya setilaiti ya mbali inachelewa zaidi. Hii katoto ka mukononi inapima kuchelewa kule. Ikisikia ine, inajua fasi iko. Njo yote."

"Donc, kumbe hazitujui."

"Hazitujui. Zinasemea kila muntu. Mwenye eko na sikio anasikia."

Tshala alifikiri. "Na ni kazi ya bantu?"

"Ya bantu. Walihesabu mpaka wakapata."

Anasema kama Commandant angemwambia ni muujiza, angesema amina na kwenda nyumbani, kwa sababu miujiza ameisikia tangu utoto. Lakini kwamba watu, waliokula na kulala na kuumwa meno kama yeye, walikaa chini wakahesabu mpaka mwanamke wa Kamina akaambiwa mahali alipo ndani ya wingu, hilo lilimlemea. Alirudi nyumbani nyuma ya pikipiki.

Commandant hakumwacha aamini kupita kiasi. Kesho yake alimwambia kwamba GPS nayo inaweza kunyamaza, betri inaweza kufa, sauti ya setilaiti ni nyembamba kiasi kwamba bati la nyumba linaizuia. Ndiyo sababu alilinda vipimo vyake vyote, na ndiyo sababu tangu siku hiyo ndege inabeba GPS mbili, moja imefungwa kwa skrubu. Tshala ameruka mara tatu tena. Kila mara anakaa mbele, kila mara anasoma namba kwa sauti hata kama jua linawaka na reli inaonekana, na Commandant anamwacha asome.

Aliyekataa kuamini alikuwa Papa Lumbala. Ana miaka sabini na minane, macho yake bado mazuri. Alisikiliza hadithi yote ya binti yake, akashukuru Mungu kwa uhai, kisha akasema mambo ya nukta hayo hapana. Yeye alikuwa mtu wa reli. Alijua kilomita ni kitu gani.

Jumamosi moja mchana, Commandant mwenyewe alikuja na GPS. Wote watatu walitembea kwenye njia ya Kabongo, nje ya mji, mahali reli inaponyooka bila kona. Pembeni ya reli, katika majani, kuna nguzo fupi za saruji zenye namba za kilomita. Papa Lumbala aliikuta ya kwanza bila kutafuta.

"Anzia hapa," alisema.

Commandant alibonyeza kitufe. Wakatembea. Mzee alihesabu mataruma ya reli kwa mdomo, hakutaka kuongeleshwa. Jua lilikuwa kali, na nyasi zilikuwa na harufu ya mvua ya asubuhi. Walipoikaribia nguzo ya pili, Tshala alianza kusoma kwa sauti.

"Mita mia kenda makumi saba. Mia kenda makumi nane na tano. Mia kenda makumi kenda na mbili..."

Papa Lumbala aliweka mkono juu ya nguzo.

"Mia kenda makumi kenda na saba," alisema Tshala.

Mzee akasema kwamba baba yake, walipokuwa wanajenga reli hii, alikuwa mmoja wa watu waliobeba mnyororo wa kupimia. Mnyororo wa chuma, wanaume wawili wanauvuta, mmoja mbele, mmoja nyuma, mzungu anapiga kelele, jua linawapiga, siku kwa siku, kutoka hapa mpaka Kabongo. Kila mara mnyororo unapoisha, wanachomeka kijiti, wanaanza tena. Jioni baba yake alirudi na viganja vimechubuka, akawaambia watoto: leo tumepima sawa.

"Sikujua kama alipima sawa," alisema Papa Lumbala. "Nani angeweza kumuuliza?"

Aliangalia juu. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa joto, haina kitu. Akaiangalia hivyo hata kofia ikaanguka nyuma, na Tshala akaiokota.

"Hatua tatu," alisema mzee. "Mnyororo wa tata, baba yangu, na zile saa za huko juu. Zimeachana hatua tatu."

Commandant akaanza kusema kwamba hata hizo tatu huenda ni za mashine, si za mnyororo, lakini mzee hakuwa anasikiliza tena. Alikuwa amekwisha kupita nguzo, anatembea kuelekea kaskazini juu ya mataruma, mgongo umenyooka.

"Mukuje," aliwaita bila kugeuka. "Tupime ingine."